Tunaitwa Hivi Tangu Lini?

Ukipanda matatu ya Jogoo Road utasikia makanga akiita Mbotela. Watu wanashuka, wananunua sukuma, wanaingia kwao, na wengi hawajawahi kujiuliza Mbotela ni nani. Mtaa huo ulipewa jina la Tom Mbotela, makamu wa rais wa chama cha KAU, aliyeuawa Nairobi Novemba 1952, wiki chache tu baada ya hali ya hatari kutangazwa. Wazazi wako ukiwatajia Mbotela watakumbuka mwingine: Leonard Mambo Mbotela, yule mtangazaji aliyetuuliza miaka nenda miaka rudi kama huu ni uungwana, na ambaye tarehe 1 Agosti 1982 wanajeshi walimlazimisha kutangaza redioni kwamba serikali imepinduliwa. Kisha yuko wa tatu, anayejulikana zaidi na wapenzi wa vitabu vya zamani: James Juma Mbotela, mwandishi wa Uhuru wa Watumwa, kitabu cha mwaka 1934.

Watatu hawa wanatoka ukoo wa Freretown, makazi ya watumwa waliokombolewa, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, upande wa Nyali na Kongowea. Ukishuka Kengeleni leo, ile kengele bado ipo, ile iliyokuwa ikipigwa kuwaonya watu kwamba wateka watumwa wanakuja.

Nimeanza na jina hili kwa sababu ya mchezo ambao umeingia kwenye simu zetu. Huenda umeshaingizwa bila kuulizwa: mtu mmoja wa Kitengela anafungua grupu la WhatsApp la kila mwenye jina kama lake, anaongeza binamu, binamu anaongeza mtu aliyempata Facebook huko Dallas, yule wa Dallas anamleta mzee wa Leicester. Siku ya kwanza ni salamu na emoji. Siku ya tatu mtu anauliza, “Kwani asili yetu ni wapi?” Wiki ya pili kuna kambi mbili, kuna mweka hazina, na kuna nembo yenye simba iliyotolewa Google. Mwezi wa pili, grupu likibahatika, kazi yenyewe inaanza: watu wanapiga picha vyeti, wanarekodi sauti za nyanya zao, wanalinganisha miaka.

Kazi hiyo naipenda. Lakini karibu kila grupu linaanza na swali lisilofaa, nalo ni “babu yetu wa kwanza ni nani?” Swali hilo linachukulia kwamba jina moja ni damu moja. Kwa majina mengi ya Kenya hilo halishiki. Swali linalozaa matunda ni jingine: tunaitwa hivi tangu lini, na nani aliyeandika?

Fikiria. Ukiwakusanya akina Otieno wote mtandaoni, utakuwa umewakusanya watu ambao wao wenyewe, au baba au babu zao, walizaliwa usiku. Omondi ni wa alfajiri. Hao si ukoo, ni saa. Kwa Wakikuyu, mtoto wa kwanza wa kiume alichukua jina la baba ya baba yake, wa pili jina la baba ya mama yake, kwa hivyo majina yalikuwa yanazunguka. Kamau wa Njoroge akizaa anamwita mwanawe Njoroge, na huyo ni Njoroge wa Kamau. Hakukuwa na jina la mwisho linalokaa tuli kama jiwe likingoja wajukuu. Kwa Wakalenjin, arap ni “mwana wa”, na likitumiwa kimila haliruki vizazi. Lakini angalia familia ya rais wa pili: yeye alikuwa arap Moi, na wanawe ni Moi tu, kama vile jina lile lilikuwa hivyo siku zote.

Ya rais wa kwanza ndiyo kali zaidi. Alizaliwa Kamau wa Ngengi, akabatizwa Johnstone mwaka 1914, akaja kujiita Kenyatta, jina linalohusishwa na ule mshipi wa shanga aliopenda kuuvaa. Mtu mmoja alijichagulia jina akiwa mtu mzima, na leo ni jina la ukoo linalotambulika dunia nzima. Huko Marekani kuna watu wenye Kenyatta kama jina la kwanza, waliopewa na wazazi waliompenda mzee kwa mbali. Mtafiti wa mwaka 2150 akitumia njia za grupu letu atawaunganisha wote katika mti mmoja.

Kilichoyagandisha majina yetu ni karatasi. Ubatizo, shule, mshahara, na hasa kipande. Sheria ya kuandikisha wanaume Waafrika ilipitishwa 1915, ikaanza kutekelezwa vita vilipoisha, na kufikia mwaka 1920 mwanaume wa miaka 16 kwenda juu alitakiwa kutembea na karatasi yenye jina lake ndani ya kikopo cha chuma kinachoning'inia shingoni. Karani aliandika alichosikia. Kama babu yako alitaja jina la baba yake, hilo likawa la ukoo. Kama alitaja lakabu, basi hiyo hiyo. Ndugu wawili wa tumbo moja wangeweza kuandikwa siku tofauti, wakatoka na majina mawili, na leo wajukuu wao wako kwenye magrupu mawili wasiojuana.

Haya yote ni dibaji. Mahali ambapo suala la jina linauma kweli ni Pwani, na ndipo ninapotaka tukae kidogo.

Kabla ya Freretown kulikuwa na Bombay. Meli za kivita za Uingereza zilipokamata majahazi ya watumwa katika Bahari ya Hindi, watu waliokuwamo hawakurudishwa kwao. Wengi wao walikuwa watoto waliotekwa mbali bara, karibu na Ziwa Nyasa, na hakuna nahodha aliyekuwa na nia ya kuwapeleka huko. Wakashushwa penye bandari ya Waingereza: Aden, Shelisheli, Bombay. Baadhi ya walioshushwa Bombay walipelekwa kituo cha wamisionari wa CMS karibu na mji wa Nasik. Wakafundishwa uhunzi, useremala, Kiingereza na Biblia. Wakabatizwa, wakapewa majina mapya. Wamisheni wa enzi zile walikuwa pia na desturi ya wafadhili: mtu wa Uingereza analipia matunzo ya mtoto, na mara nyingine mtoto anabeba jina alilolichagua mfadhili.

Ndivyo unavyompata kijana Myao anayeitwa Jacob Wainwright. Wainwright kwa Kiingereza ni fundi wa kutengeneza magari ya kukokotwa. Ndivyo unavyompata William Jones, na Jones ni jina la Wales, maana yake mwana wa John. Na ndivyo unavyompata Matthew Wellington, naye Myao, ambaye kabla ya kutekwa aliitwa Chengwimbe. Wellington, ukiangalia vizuri, halikuwa hata jina la ukoo la yule jenerali maarufu wa Uingereza aliyempiga Napoleon. Huyo alikuwa Wellesley. Wellington ni cheo. Kwa hiyo mtoto kutoka kusini mwa Afrika Mashariki, akiwa India, alipewa jina ambalo hata Mwingereza mwenyewe hakulirithi kwa baba yake.

Wainwright na Wellington walikuwa kati ya vijana wa Nasik waliotumwa kumfuata Livingstone bara mwaka 1872. Alipokufa 1873 walikuwa katika msafara uliobeba maiti yake kwa miguu kwa miezi mingi hadi Bagamoyo. Wainwright akaenda nayo Uingereza, akawa mmoja wa waliobeba jeneza Westminster Abbey tarehe 18 Aprili 1874. Jones naye ana kisa chake. Mwaka 1885 alipewa daraja la ushemasi na Askofu Hannington, wakasafiri pamoja kuelekea Uganda. Askofu alitangulia na watu wachache, akauawa Busoga. Jones aliachwa na msafara mkubwa Kwa Sundu, pale tunapopaita Mumias leo, akangoja habari. Kisha akawarudisha waliobaki hadi Rabai, mbele yao ikipepea bendera ya buluu yenye neno moja la Kiebrania kutoka Biblia: Ikabodi, utukufu umeondoka.

Sasa wewe ni mjukuu wa kitukuu wa mtu kama huyo. Unaingia mtandaoni unaandika “Jones, asili”. Utapelekwa Wales. Utaona milima, utaona kondoo, utaona watu wekundu wa mashavu wanaokukaribisha kwenye ukoo wao kwa furaha. Hakuna mtu anayekudanganya. Jina lenyewe ndilo limefunga mlango wa nyumbani, likakufungulia wa jirani.

Freretown yenyewe ilianzishwa 1875, miaka miwili baada ya Sultani Barghash kukubali kulifunga soko la watumwa la Zanzibar. Jina ni la Sir Bartle Frere, Mwingereza aliyetumwa kumshinikiza. Waafrika zaidi ya mia moja waliolelewa India walirudishwa kuja kuwa walimu, mafundi na wahubiri wa kijiji hicho, na meli zikaanza kuwashusha hapo waliokombolewa baharini. Rabai, bara kidogo, palikuwa na mchanganyiko mwingine: watoro waliokimbia mabwana zao. Siku ya mwaka mpya wa 1889, kampuni ya Waingereza ya IBEA iliwalipa mabwana fidia, na watoro takriban 1,400 wakapewa hati za uhuru. Kwa mtafiti wa majina hiyo ni hazina. Mtu ambaye jana hakuruhusiwa kuwa na anwani leo ana karatasi yenye jina.

Kwa hivyo watu wawili wa Pwani wenye jina moja la kimisheni wanaweza kuwa hawana tone la damu linalofanana. Mmoja babu yake Myao, mwingine Mmakua. Walichoshiriki ni rejista: padri mmoja, wino mmoja, pengine jahazi moja. Mimi naona huo ni undugu pia, na pengine una uzito kuliko wa damu, kwa sababu wale watoto walipoteza kila mtu isipokuwa wenzao. Lakini ni undugu wa aina nyingine, na lazima grupu likubali kuutafuta kwa njia nyingine.

Njia yenyewe ni ya kugawana kazi, na hapa ndipo simu inashinda kitabu. Hakuna mtu mmoja anayeweza kuifanya. Barua na taarifa za CMS ziko Birmingham, katika maktaba ya chuo kikuu. Za serikali ya kikoloni ziko Nairobi, katika lile jengo la nyaraka pale Moi Avenue ambalo wengi tunalijua kama mahali pa kukutania. Makaburi yako Mombasa. Kumbukumbu ziko kwa wazee, na wazee wako kila mahali. Mtu wa Leicester anapanda treni kwenda Birmingham, wa Nairobi anaenda Moi Avenue, wa Kisauni anapiga picha mawe ya makaburi asubuhi jua likiwa limelala ili herufi zionekane. Na msisahau Shelisheli. Watu zaidi ya 2,000 waliokombolewa walishushwa visiwani humo, na wazao wao leo wanazungumza Krioli. Ndugu wawili wangeweza kutolewa jahazi moja, mmoja akaishia Mahé na mwingine Mombasa.

Tumeshaona inavyowezekana. Huko Marekani, wazao wa watumwa wanakutana na ukuta wa mwaka 1870. Hesabu za watu za 1850 na 1860 ziliwaorodhesha watumwa kwa umri, jinsia na rangi chini ya jina la bwana. Wao wenyewe karibu wote hawana majina. Mwaka 2015 ukaanzishwa mradi wa kusoma nyaraka za Freedmen's Bureau, ofisi iliyohudumia waliokombolewa baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe. Watu wa kujitolea zaidi ya 25,000 walikaa kwenye kompyuta zao wakisoma mwandiko wa karne ya kumi na tisa na kuuchapa, ukurasa kwa ukurasa. Kwa mwaka mmoja hivi wakatoa majina karibu milioni 1.8 ambayo sasa mtu yeyote anaweza kuyatafuta. Za kwetu ni chache mno kulinganisha na hizo. Grupu la watu hamsini wenye subira lingeweza kufika mbali.

Subira ndiyo shida. Mtandaoni, dhana ya mtu mmoja ikifowadiwa mara nne inakuwa ukweli, na ikiingizwa kwenye tovuti ya miti ya familia inakuwa ukweli wenye picha. Dawa yake haina utamu: kila jina linaloingia kwenye mti liandikwe limetoka wapi. Nyanya alisema, mwaka gani, kwa nani. Cheti, kiko kwa nani. Kama ni kubahatisha, andika umebahatisha. Na jina moja litafutwe kwa sura zake zote, maana sikio la Mwingereza liliandika Kiyao kila mtu na lake. Mtu mwenyewe pia aliweza kuwa wawili. Susi, mwenzake Wainwright katika ule msafara, aliitwa Abdullah kwa miaka mingi. Mwaka 1886 akabatizwa Zanzibar akawa David. Ukimtafuta kwa jina moja umempoteza nusu.

Halafu kuna wanawake. Utafiti wa jina la ukoo ni utafiti wa wanaume, tusijidanganye. Msichana aliyeshuka kwenye jahazi akabatizwa Grace, akaolewa misheni, akazaa saba, hayumo kwenye grupu lenu hata kama nusu yenu mna pua yake. Grupu lenye akili linafungua orodha ya pili ya mama, na mama wa mama. Mara nyingi huko ndiko lugha ilikobaki, nyimbo, jina la kijiji, namna ya kupika kitu fulani ambayo majirani hawaijui.

Nimezunguka, sasa niseme lile linalofanya magrupu ya Pwani yavunjike. Neno mtumwa bado ni tusi. Kuna nyumba ambazo mzee ameishi miaka themanini akijitambulisha kwa kabila la majirani, ameoa humo, amezika humo, na wajukuu wanajua hivyo. Kisha kijana mmoja wa chuo kikuu anapata orodha ya waliobatizwa, anapiga skrinishoti, anaitupa kwenye grupu la watu mia mbili: “Jamani, huyu si babu yake fulani?” Dakika kumi watu kumi na wawili wametoka kwenye grupu. Sasa nani mwenye haki ya siri hiyo? Kijana atasema ni historia, hakuna aibu, aibu ni ya waliouza. Namuunga mkono kwa maneno yote hayo. Lakini mzee hakuulizwa. Mimi ningeweka hivi: waliokufa zamani wasomwe hadharani, uzi unaowaunganisha na mtu aliye hai apelekewe yeye kwanza, faraghani, naye aamue. Itachelewesha kazi. Sawa tu.

Na wanaokaa kimya wana sababu ambazo si za aibu peke yake. Kenya humuuliza mtu kabila kabla ya kumpa kitambulisho. Wamakonde, walioishi hapa tangu enzi za mashamba ya mkonge, walingoja hadi 2017 kuhesabiwa kabila la Kenya. Wapemba walingoja hadi 2023. Mzao wa Freretown akiulizwa kabila aseme nini? Myao? Atapelekwa dirisha lingine aulizwe kama ni Mmalawi. Kwa mtu kama huyo, kujifanya wa hapa hapa kumekuwa kinga ya familia kwa vizazi vinne, na grupu la WhatsApp linakuja kuibomoa kwa nia njema.

James Juma Mbotela aliliona hilo mapema, nadhani, ndiyo maana akaandika. Kitabu chake kina lawama zake: kinawabebesha Waarabu mzigo wote na kuwapaka Waingereza mafuta. Sikiteti kwa hilo. Lakini mwaka 1934, mtu wa Freretown alikaa akaandika kwa Kiswahili wazee wake walitoka wapi na waliteswa vipi, akaweka jina lake juu ya jalada. Hakungoja mwanahistoria wa nje.

Siku hizi kila grupu huwa na mtu anayesema, “Tupime DNA tumalize.” Pimeni, kama pesa ipo. Itawaambia mna nasaba na watu wa eneo fulani. Eneo hilo kwa Wayao limekatwa na mipaka ya Malawi, Msumbiji na Tanzania, na Waafrika Mashariki waliomo kwenye hifadhidata za kampuni hizo bado ni wachache. Haitawaambia jina. Hakuna mate yanayohifadhi jina.

Matthew Wellington alifariki Mombasa mwaka 1935, mzee sana, wa mwisho kati ya wale waliombeba Livingstone. Wazungu walikuwa wamemtembelea uzeeni wakitaka kusikia habari za bwana yule mkubwa, na katikati ya masimulizi hayo akataja pia mamake alimwita nani. Likaandikwa. Kwa hiyo leo mzao wake akifungua simu ana maneno mawili ya kutafuta, na moja kati ya hayo halimpeleki Uingereza.